Mifuko ya kuchujia mafuta ya chips: inachuja kweli, ila muuzaji kaongeza chumvi

Wakuu, kama una mashine ya kusaga inayoendeshwa na zile injini za Kichina za S195, au jenereta ya dizeli ya zamani, na bei ya wese unaiona ilivyo, lazima ulishawahi kuyafikiria haya mafuta yaliyochoka ya wakaanga chips uyatie kwenye injini badala ya dizeli. Mimi natumia, na hii ni riviu ya mifuko ya felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) ya kuchujia niliyoagiza mtandaoni, mmoja wa maikroni 5 na mwingine wa maikroni 1 (maikroni ndo kipimo cha udogo wa uchafu unaozuiwa, namba ikiwa ndogo unachuja zaidi), wanauza kama seti, elfu 38 na hela ya kutumiwa juu. Kuna watu wanaona kama ni uganga vile ila mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Paris kuna injini ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga, so sio jambo la jana.

Nianze na uzuri. Ule wa maikroni 5 ni mtambo. Una ringi ya chuma juu, nautundika mdomoni kwa pipa namimina mdogo mdogo, mafuta yanashuka yenyewe bila pampu, dumu la lita 20 ukianza jioni asubuhi unakuta limeshashuka lote. Yanaingia meusi yananuka kuku, yanatoka kama chai ya rangi, ukiweka kwenye glasi ukainua juani unaona upande wa pili. Ukigeuza mfuko ndani nje unakuta tope limeshikana chini, unga wa kuku, masizi, vipande vya viazi vilivyoungua, na hayo yote yalikua yanaelekea kwenye nozeli, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini. Halafu mafuta ya mkaanga chips tupu yanapita haraka kuliko ya anayekaanga kuku na samaki, ule unga unaziba felti balaa, kwahiyo chagua wa kumchukulia.

Wa maikroni 1 sasa, huo umenikera. Umeshonwa kwa cherehani na matundu ya sindano hayajazibwa, ukimimina unaona kabisa mafuta yanakimbilia kwenye mstari wa mshono yanatokea hapohapo badala ya kupita kwenye felti, sasa hiyo maikroni 1 faida yake iko wapi? Wa 5 umeunganishwa kwa moto, hauna shida hiyo. Ukinunua dukani kwa mkono pitisha kidole kwenye mshono, ukigusa uzi rudisha.

Ila kubwa kuliko ni tangazo lenyewe, limeandikwa unatoa uchafu NA maji. Aisee, maji hautoi. Maji yanapita na mafuta kama hakuna kitu, na maji ndo yanaua pampu ya dizeli, maana viazi vinaingia karaini vibichi vina maji yake na chumvi inajificha ndani ya hayo maji, ikikaa kwenye pampu ni kutu tu. Dawa yake haiuzwi, ni kuyaacha yatulie kwenye dumu wiki mbili hivi bila kutikisa halafu unachota ya juu, ya chini unaacha. Kupima ni rahisi, weka kikaango kikavu jikoni kipate moto sana, dondoshea tone, likichachatika na kutoa vipovu bado kuna maji, likitulia kimya endelea.

Maelezo yao pia yanasema upashe moto ndo uchuje. Kweli yanapita chap, lakini joto linayeyusha yale mafuta mazito yanapita nayo, yakipoa yanajitenga tena mbele ya safari na yanaziba filta ya injini. Mi nachuja yakiwa ya kawaida tu. Hapa Dar kwa joto hili yanabaki maji maji, ila ndugu zangu wa Njombe na Makete, mafuta mengi tunayokaangia ni ya mawese, mwezi wa 7 asubuhi yanaganda dumuni, nyie mtasubiri jua kwanza.

Na mfuko usiulaumu kwa mengine. Mafuta ya kula ni mazito kuliko dizeli mara nyingi tu, kwahiyo nawasha kwa dizeli, injini ikichemka ndo nahamia kwenye mafuta, na kabla ya kuzima narudi kwenye dizeli dakika kadhaa ili nozeli na pampu visibaki na mafuta mazito ndani. Oili ya injini nayo badilisha mapema kuliko ulivyozoea, maana mafuta yanayopenya kwenye ringi za pistoni yanaifanya iwe nzito kama gundi. Gari za dizeli za kisasa zile za nozeli za umeme usithubutu kabisa.

Kuosha: maji ya moto na sabuni ya unga, geuza, anika mpaka ukauke kabisa kabisa, la sivyo unayarudisha yale maji uliyohangaika kuyatoa.

Wa maikroni 5 nyota 4 na nusu, wa maikroni 1 nyota 2, tangazo sifuri. Nimemuomba muuzaji aniuzie wa 5 peke yake bila seti, kasema nisubiri mzigo ujao, akileta nachukua miwili.