Lubuntu kwenye kompyuta yangu ya kazini: kioo kilikuwa kinazima kila dakika 10, sasa hakizimi

Mimi ni fundi nguo, niko Mwananyamala, nashona vitenge, magauni ya sendofu, na ikifika Desemba na Januari ni sare za shule tu usiku na mchana. Naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote mwenye kompyuta ya zamani na mikono yake iko bize na kazi nyingine, maana mi nimehangaika na hiki kitu karibu miezi miwili na nilibakiza kidogo nitoe hela bure.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, Core 2 Duo, RAM 4GB, kioo cha inchi 19. Ilikuja na Windows 10 na ilikuwa nzito kweli kweli, unaiwasha, unaenda kupiga pasi gauni zima, unarudi bado inazungusha kale kaduara. Halafu Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwenye mashine kama hii haipandi kwa njia ya kawaida. Kuna kijana jirani yangu anasoma chuo, ndo akaniwekea Lubuntu 24.04 kwa flashi, huo ni mfumo mwepesi wa Linux unaokaa badala ya Windows, bila kulipia chochote. Kiukweli kwa wepesi naisifia kwa moyo wote. Inawaka haraka, LibreOffice ya kuandikia na kupangia majedwali imo, picha zinafunguka, haikwami. Kama una mashine imechoka usiitupe, jaribu hii kwanza.

Kioo nimekifunga ukutani juu ya meza ya kukatia. Kinafanya kazi mbili. Kwanza wateja wanaangalia mishono humo badala ya kushikana na simu yangu. Pili, na hii ndo kubwa, vipimo vyote vya wateja viko humo, bega, kifua, kiuno, hipsi, mkono, urefu, kila mtu na mstari wake. Zamani nilikuwa naandika kwenye daftari, likaloa maji ya pasi, kurasa zikashikana, wino ukatoka, nikapoteza vipimo vya watu wengi sana siku moja. Sikutaka yanikute tena.

Sasa shida ikaanza. Nafungua mstari wa mteja, natandika kitambaa, nabana pini, nachora na chaki, na kuchora gauni lenye kola na pensi nne, ile mikunjo ya kulibana mwilini, sio kazi ya dakika mbili. Nikiinua macho niangalie namba, kioo cheusi. Inabidi niache mkasi, nifute chaki mikononi, niguse mausi, kinarudi. Naendelea, kidogo tu, cheusi tena. Nikaanza kugusa mausi kwa kiwiko ili nisiachie kitambaa.

Siku moja nilikuwa nakata satini ya dada wa bibi harusi, rangi ya dhahabu iliyofifia, na satini mnaijua inavyoteleza, ukiiachia tu imehama. Kioo kikazima katikati ya kazi, nikaona isiwe tabu, namba naikumbuka, nikakata kiuno 32. Nimemaliza, nimegusa mausi, naona 34. Nilikaa chini. Satini ile mteja alileta mwenyewe na haikubaki hata kipande cha kuongezea ubavuni. Nikafunga ofisi, nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikazunguka Mtaa wa Uhuru na kale kakipande mkononi duka kwa duka mpaka nikapata inayofanana, hela ikatoka mfukoni kwangu, na mteja nikamweleza ukweli wote.

Baada ya hapo nikampelekea mtu anayetengeneza kompyuta. Hakuwasha hata kwa nusu saa, akasema kioo kinakufa, taa ya ndani imechoka, ana kingine anipe kwa 80,000. Nilikuwa tayari kutoa. Yule kijana wa chuo ndo akanizuia, akaniambia, "Anti, kioo kibovu hakiangalii saa. Hebu pima na simu, kinazima baada ya dakika ngapi?" Tukapima mara tatu, na mara zote tatu ni dakika 10. Na ukigusa mausi kinarudi vizuri bila doa. Hapo nikaelewa, kioo kizima, kuna kitu ndani kinakizima kwa makusudi.

Akaanza na ile njia ambayo ukiuliza watu wengi wanakupa, unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika

xset s off
xset -dpms

Ya kwanza inazuia kioo kuwekwa cheusi, ya pili inazuia kile cha kuokoa umeme kinachozima kioo chenyewe. Tukaandika, tukakaa tukinywa chai tukihesabu. Dakika ya 10 kikazima vilevile! Mi nikakata tamaa, yeye hakukata.

Kumbe Lubuntu ina programu nyingine inaitwa XScreenSaver, na hii ina saa yake yenyewe, haijali sana ulichoandika na xset, yaani unazima huku yenyewe inaendelea kuhesabu kule, na hata setingi za umeme za kioo inaweza kuzirudisha inavyotaka yenyewe. Hapa ndipo wengi tunapokwama, tunaandika amri sahihi mahali ambapo mwenye amri ni mwingine. Dawa yake ni kwenda menyu, Preferences, halafu Screensaver, pale kwenye Mode unachagua Disable Screen Saver. Basi. Kwa umri wake ni programu kongwe, ipo tangu 1992, enzi za vioo vya chogo ambavyo picha ikikaa palepale siku nyingi inaacha alama isiyofutika. Wakati huo kuzima kioo ilikuwa ni kukilinda. Hivi vyetu bapa vya sasa haviungui namna ile, ila taa yake ya nyuma inazeeka kadiri inavyowaka, hilo nalijua na nimelikubali.

Tukapima tena. Dakika 10 zikapita kioo kinawaka, nilifurahi nikampa mkono. Zikafika 15, kompyuta nzima ikalala! Sio kioo peke yake, mashine yote kimya, hata mausi haiamshi mpaka ubonyeze kitufe cha kuwashia. Kumbe hii ilikuwepo muda wote ila hatukuwahi kuiona, maana kioo kilikuwa kinazima dakika ya 10 nami naigusa, kwa hiyo 15 haikuwahi kufika.

Hii ya pili iko kwenye LXQt Settings, ndo setingi kuu za Lubuntu, unaingia Power Management, unatafuta sehemu ya Idle. Kwangu ilikuwa imetikiwa iangalie kama mtu ametulia, na ikifika dakika 15 ilaze mashine. Tukaondoa tiki. Kama hutaki kuondoa kabisa unaweza kuongeza dakika, ila mi nimeondoa, gauni la harusi nalikata hata saa nzima bila kugusa mausi.

Zile amri mbili za xset bado tumeziweka, kwa sababu ukiziandika tu kwenye terminali zinakufa ukizima mashine, na huku kwetu umeme ukikatika ndo mashine imezima. Unaenda LXQt Settings, Session Settings, Autostart, unaongeza pale ili ziwe zinajiandika zenyewe kila ukiwasha. Kisha ukitaka uhakika andika xset q, soma chini kwenye Screen Saver, timeout iwe 0, na kwenye DPMS iandike Disabled. Mwanzoni kwangu timeout ilikuwa imeandikwa 600, hizo ni sekunde, ndo zile dakika 10 zetu.

Rafiki yangu ana stationeri, yeye ana Xubuntu, ndugu yake Lubuntu, kwake ilikuwa rahisi zaidi, kuna alama ya betri au umeme kule kwenye upau, unabonyeza unatiki Presentation mode na kioo kinabaki kinawaka mpaka utoe tiki. Kuna njia mbili Linux inazotumia kuonyesha picha kwenye kioo, ya zamani X11 na mpya Wayland. Wenye mifumo inayotumia Wayland, xset haitawasaidia, ile ni ya X11 tu, tafuteni kwenye setingi za mfumo wenyewe.

Kuhusu LUKU, maana najua mtauliza, mume wangu aliuliza hilo kwanza. Kioo changu nyuma kimeandikwa wati 20. Kikiwaka saa 10 mfululizo ni wati 200 za saa, yaani unit 0.2. Pasi yangu ni wati 1000, unit 0.2 inaimaliza kwa dakika 12 ikiwa inachemka. Kwa hiyo kioo sio kinachonimalizia umeme. Hata hivyo nikienda kula au kuswali nakizima kwa kitufe chake chenyewe, mashine inaendelea, nikirudi nabonyeza na mstari wa mteja uko palepale nilipouacha.

Lubuntu naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu jambo moja dogo kama hili limetawanywa sehemu mbili tofauti, na hakuna mahali panapokwambia hiki ndicho kimezima kioo chako sasa hivi, mtu asiye na kijana wa chuo jirani angefanyaje? Angenunua kioo kingine cha 80,000, na hicho nacho kingezima dakika ya 10.

Ni wiki ya sita sasa, umeme umekatika mara nyingi tu na kila ukirudi setingi zimeshika. Jana nimekata sare za kwaya 14, vipimo 14 tofauti, chaki mikono yote miwili, na mausi nimeigusa pale tu nilipohama mstari.