Mkopo wa mdhamini, ukitazamwa kutoka upande wa anayeweka sahihi

Mkopo wa mdhamini huuzwa kama huduma ya mkopaji. Asiye na rekodi nzuri ya kulipa, au asiye na mali ya kuweka rehani, anapata fedha kwa sababu mtu mwingine amesimama nyuma yake. Hapa tunaupima kwa jicho la huyo mtu mwingine, hasa pale mkopaji anapokuwa ndugu ambaye ukoo mzima unajua pesa hazikai mkononi mwake.

Mdhamini hapati kitu. Fedha haziingii kwenye akaunti yake, gari likinunuliwa haliandikwi jina lake, na kwa kawaida hana kauli juu ya matumizi. Anachotoa ni ahadi ya kulipa salio, riba, faini za kuchelewa na mara nyingi gharama za kudai, ada ya wakili ikiwemo. "Wewe weka sahihi tu, mengine niachie mimi" ni maneno ya ndugu, na mkataba hauyajui. Tafuta kifungu kinachosema mtawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake ni kwamba mkopeshaji anaruhusiwa kukufuata wewe kwa deni zima, hata kama mkopaji anaonekana mtaani kila siku. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1985 inamtaka mkopeshaji ampe mdhamini karatasi ya pekee inayosema waziwazi kwamba mkopaji asipolipa, yeye ndiye atakayelipa. Kama hupewi karatasi ya namna hiyo, iombe kwa maandishi.

Kasoro kubwa kuliko zote ya bidhaa hii ni kwamba habari humfikia mdhamini mwisho. Ujumbe wa kukumbusha rejesho huenda kwenye simu ya mkopaji. Ndugu asiyejali madeni mara chache husema "sitalipa". Hunyamaza, kwa aibu au kwa matumaini kwamba mwezi ujao mambo yatakaa sawa. Marejesho mawili au matatu yakishapita, mikataba mingi humpa mkopeshaji haki ya kudai salio lote kwa mara moja, na huenda kuchelewa huko kumeshaingia kwenye taarifa zako za mikopo kabla hujapigiwa simu hata moja.

Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio linalopungua, kwa miezi 36. Rejesho la mwezi ni takriban 36,150. Ndugu akilipa mwaka mzima bila kukosa atakuwa ametoa karibu 434,000, lakini salio litakuwa bado takriban 724,000, kwa kuwa marejesho ya mwanzo humezwa zaidi na riba. Akikwama hapo kwa miezi mitatu, unadaiwa zaidi ya 750,000 kabla ya faini. Watu wengi hudhani nusu ya hatari imeondoka baada ya mwaka mmoja, na sivyo. Uliza pia kama riba inahesabiwa kwa kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho wa mkopo: kwa asilimia hiyohiyo 18, rejesho hupanda hadi takriban 42,780.

Bidhaa hii ina sura zaidi ya moja, na tofauti zake ni kubwa. Mbaya kabisa ni udhamini wa "madeni yote ya sasa na yajayo". Hapo ndugu akiongezewa mkopo mwakani, sahihi yako ya leo inaubeba. Usiusaini kwa ndugu yeyote, hata aliye mwaminifu. Sura ya pili ni ya mkopaji mwenza, ambapo deni ni lako tangu siku ya kwanza, ingawa angalau unaweza kudai sehemu ya umiliki na kupata taarifa za mkopo moja kwa moja. Ya tatu, ambayo ndiyo tungeifikiria, ni udhamini wenye kikomo: kwa mfano 220,000, yaani kama marejesho sita ya mkopo wetu. Soma hapo kwa makini. Kikomo kikifuatwa na maneno "pamoja na riba na gharama", riba na gharama huongezwa juu yake, na unaweza kudaiwa zaidi ya kiasi hicho. Kinapaswa kusomeka "ikijumuisha riba na gharama zote".

Kabla ya kusaini, mwombe afisa mikopo aongeze mambo matatu kwenye mkataba: nakala ya kila taarifa ya kuchelewa ije kwako ndani ya siku 7, mkopo usiongezwe wala kupangwa upya bila sahihi yako mpya, na udhamini ukome baada ya marejesho kadhaa mfululizo yasiyochelewa, tuseme 12. Ombi la pili ni muhimu mno. Sheria za nchi nyingi humwachilia mdhamini pale masharti ya mkopo yanapobadilishwa bila ridhaa yake, ila mikataba iliyochapwa tayari huwa na kifungu kinachomwondolea kinga hiyo. Mkopeshaji akikataa yote matatu, ameshakujibu.

Ndugu naye aoneshe taarifa za benki za miezi 6 na orodha ya madeni yote, yakiwemo ya simu. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa muuzaji au chuo. Akikasirika kwa kuombwa karatasi hizi, mazungumzo yaishie hapo. Nawe jipime: je, ungeweza kulipa rejesho hilo kila mwezi kwa miezi yote 36 bila kugusa kodi ya nyumba na karo ya watoto? Kama hapana, usisaini. Ukiomba mkopo wako mwenyewe baadaye, mkopeshaji anaweza kuuhesabu huu kama deni lako na kukupunguzia kiwango.

Kujitoa katikati ni kugumu. Kwa kawaida hutoki mpaka apatikane mdhamini mwingine anayekubaliwa, au mkopo ulipwe kwa mkopo mpya usio na jina lako. Ukilazimika kulipa, lipa kwa benki, andika namba ya mkopo kwenye kila muamala na utunze risiti, kwa sababu una haki ya kumdai ndugu ulicholipa na, mahali pengi, kuchukua dhamana alizokuwa ameshikilia mkopeshaji. Ila kwa ndugu asiye na kitu, haki hiyo hubaki kwenye karatasi.

Hukumu yetu: udhamini usio na kikomo kwa ndugu wa namna hii, hapana. Wenye kikomo na taarifa, ndiyo, iwapo kiasi hicho ungeweza kukitoa bila kuvunja undugu. Mara nyingi kuna njia bora kuliko zote mbili: "Ndugu yangu, mkopo huu sitaudhamini, lakini chuoni nitalipa 100,000 mwenyewe." Kiasi kinajulikana, na maumivu yake yanaisha siku hiyohiyo. Ukisaini hata hivyo, siku mkopo unapokwisha dai barua ya kumaliza deni inayotaja kwa jina kwamba udhamini wako umefutwa, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili hakiki taarifa zako za mikopo.