Friza la sola la mkopo: jua la kwangu, kufuli la kwao

Naandika bado nina hasira kwahiyo mtanivumilia. Nina friza la sola lile la kulipa kidogokidogo kwa simu, kampuni siitaji sitaki kesi, wenye nalo wataelewa tu. Nauza sato na soda huku visiwani Ukerewe, mbali na Nansio, Bwawa la Nyerere megawati 2115 tunalisikia redioni tu, nguzo kwetu hamna.

Sasa juzijuzi siku ya gulio nimelipa asubuhi, hela imekatwa, meseji ya muamala ninayo mpaka leo, tokeni ya kufungulia friza haiji. Muda ukaisha friza likajifunga lenyewe. Na kinachouma, jua linawaka hatari, paneli iko juu ya bati langu, taa ya betri inaonyesha imejaa, ila friza haligandishi eti mfumo wao huko Dar haujaiona hela yangu! Nikapiga huduma kwa wateja, muziki weee, vocha inaisha, mwisho akapokea kijana mmoja, namwambia mwanangu nina sato humu wataharibika nisaidie, ananijibu "mama, samaki ni wako, sisi tunauza umeme, subiri masaa 24 mpaka 48." Kavu hivyohivyo, hata pole hakuna. Umeme gani anauza yule? Mimi nikichelewa kulipa nafungiwa palepale, wao wakichelewa kunifungulia ni masaa 48.

Mpaka jioni sato macho yameshaingia ndani, wengine nikawabanika, waliobaki nikauza bei ya kutupa, na mama ntilie wangu wa siku zote akahamia kwa mwingine.

Haya, nisiwe mnafiki. Kabla ya hili friza barafu tulikuwa tunaitoa Mwanza kwa boti, inafika nusu maji na bei ileile. Sasa hivi vijana wa dagaa wakitoka ziwani alfajiri wanaanzia kwangu kwenye soda ya baridi, na ada ya mwanangu imetoka humohumo. Hata fundi aliyekuja kufunga alikuwa mstaarabu, tukala naye ugali. Sola yenyewe sina ugomvi nayo kabisa, nilishataka kuwapa nyota nne.

Ila nikimkumbuka yule kijana narudi kwenye moja. Kampuni walikuja kwenye mkutano wa kijiji wakasema nishati safi itakuza biashara, sawa imekuza, sasa imekua halafu anayeifungua na kuifunga ni mtu asiyejua hata sato anaoza baada ya muda gani? Si waweke hata siku mbili za kukopesha mtandao ukigoma, mashine inajua kuhesabu ile, mbona kufunga inajua!

Ukiuza soda na maji chukua tu, soda isipopoa haiozi. Wa samaki na maziwa lipeni siku kadhaa kabla, msisubiri muda uishe. Mimi deni bado lipo, nalipa huku nimenuna.