Nimeweka geji ya joto la maji kwenye Vitz, nikagundua fundi alichonitolea

Sufuria hii ni ya mama watoto na hajui kama iko hapa uani, kwa hiyo leo tutakwenda haraka.

Karibuni tena wadau. Kwenye jiko hapa maji yanachemka. Mkono huu nina geji ya joto la maji ya injini, duara lake milimita 52. Nyaya zake nimezichomeka kwenye betri ya pikipiki, na sensa yake, kile kipande kinachopima joto lenyewe, nimeining'iniza ndani ya sufuria, mwili wake nimeuunga kwa waya kwenye hasi ya betri. Pembeni nina kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchoma kwenye nyama. Nataka kujua kabla sijaifunga garini: hii kitu inasema kweli, au nimenunua saa ya ukutani?

Sogeza kamera. Kipimajoto kinasema 100. Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa 100. Wewe wa Mbeya usije ukanitukana kwenye maoni, huko juu kwenu yanachemka karibu na 94, geji yako haina kosa. Sasa mshale... unaona? 97. Napunguza moto, tusubiri. Kipimajoto 80, geji 79. Mimi kwa bei hii nimekubali. Geji inayokosea nyuzi tatu kila siku kwa namna ile ile unaizoea. Inayotangatanga ndiyo ya kutupa.

Kwa nini nimehangaika hivi? Vitz yangu ni hii New Model, SCP90, injini 2SZ. Wenye nayo mnajua. Haina geji ya joto, ina taa mbili tu. Ya bluu inawaka asubuhi injini ikiwa ya baridi, halafu inazimika. Ya nyekundu ikiwaka, ndugu yangu, gasketi ya silinda hedi imeshaanza kuaga. Kati ya bluu na nyekundu unaendesha kwa imani.

Na ninyi wenye geji ya kiwandani msicheke. Kwenye magari mengi ule mshale umetengenezwa usitikisike. Maji yawe 80, yawe 100, wenyewe umetulia katikati, ili dereva asipate presha bure. Siku mshale unapoanza kupanda, wewe uko mlima Kitonga na mzigo, na nafasi ya kuegesha hakuna.

Haya, tumehamia kwenye gari. Kufungua kasha siwaonyeshi, kasha ni kasha. Ila hii nyimbo na dansi yake lazima niiseme: nikiwasha swichi, mshale unakimbia mpaka mwisho, unarudi, halafu rangi saba zinapita kama harusi ya Manzese. Nimechagua nyeupe, na kila nikizima gari inasahau inarudi kwenye zambarau. Aliyebuni hii hajawahi kuendesha usiku. Tazama kioo cha mbele, ile duara inayoelea pale ni geji. Dawa yake ni ule waya wa taa. Ukiuunga kwenye waya wa taa za dashibodi, ukiwasha taa kubwa geji inafifia yenyewe. Wengi wanaukata waya huo wanasema hauna kazi, halafu wanalalamika kuwa geji inawapiga macho.

Nyaya ni nne. Wa hasi, wa moja kwa moja betri, wa swichi, na huo wa taa. Rangi siwatajii kwa sababu hubadilika kutoka geji moja hadi nyingine, soma karatasi yako. Zote nimezipata nyuma ya redio, na nimeweka fyuzi ndogo peke yake. Habari ya kung'ata waya kwa meno, kuusokota na kufunga tepu, tuliishaizungumza kwenye video ya taa za mbele. Gari linaungua hivyo.

Geji nimeiweka hapa mbele ya usukani. Vitz mita zake ziko katikati, mbele ya dereva pamekaa bure. Nimetumia kishikio cha skrubu. Gundi ya pande mbili kwa jua hili la Dar, ukiegesha mchana Posta, jioni unaikuta geji miguuni. Na usikimbilie ile nguzo ya pembeni ya kioo. Kama gari lako lina eabegi za pazia, ile mifuko ya hewa inayofumuka pembeni ukigonga, waya na geji hapo ni sawa na kuweka jiwe mbele ya bunduki.

Twende chini ya boneti, maana hapa ndipo nilipopoteza Jumapili yangu.

Sensa haitoboi injini. Unakata mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoka injini, unaingiza hii adapta ya alumini, unabana klampu mbili. Uwe mpira wa juu. Ukiweka wa chini utapima maji ambayo rejeta imeshayapoza, utajiona una gari zuri kumbe unajidanganya. Gari liwe limepoa, sitaki mtu aungue uso kwa ajili ya chaneli yangu. Na angalia hesi ya sensa. Kwa sensa kama hii, kuna ya Kimarekani, NPT, ina meno 27 kwa inchi, kuna ya Kijapani, PT, ina 28. Kwa jicho ni mapacha. Inaingia mizunguko miwili vizuri, unaendelea kukaza ukidhani imekubali, kesho yake maji yanadondoka.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Mshale 40. Injini imepata moto, feni imezunguka, mshale 40. Nikafungua dashibodi upya, nikabadili fyuzi, nikamlaani muuzaji wa watu. Tatizo lilikuwa hapa. Sensa hii ina waya mmoja tu, hasi yake inaipata kupitia mwili wake. Kwenye sufuria niliiwekea waya wa hasi, garini nikasahau. Sasa mwili wake umekaa kwenye adapta, na adapta imekaa katikati ya mpira na mpira. Hasi itapita wapi? Kwenye adapta kuna kiskrubu kidogo pembeni, mimi nilikiona nikadhani ni cha kutolea upepo. Ni cha waya wa hasi. Nikavuta waya mpaka kwenye betri, mshale ukaruka kama umeshtuliwa usingizini. Sensa yako ikiwa na nyaya mbili, adha hii haikuhusu.

Sasa sikilizeni nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo. Siku ya kwanza nimeshika Barabara ya Morogoro, nimevuka Kibaha, mwendo 80, upepo mzuri. Geji inasoma 62. Nikasema imekufa. Narudi mjini, foleni ya Ubungo, inapanda 85, 90. Haijafa. Natoka kwenye foleni, inashuka tena mpaka sitini na kitu. Injini hii ikiwa barabarani inatakiwa ikae themanini na kitu, kwa sababu thamostati yake, ile valvu inayofunguka kwa joto la maji, inaanza kufunguka karibu na 82, chini ya hapo inafunga njia ya rejeta.

Nikafungua nyumba ya thamostati. Tupu! Hakuna kitu. Kuna fundi huko nyuma aliitoa, kwa ule wimbo wetu wa "nchi yetu ya joto, haihitajiki". Miaka miwili nimeendesha injini ya baridi kila nikitoka mjini. Kompyuta ya gari inadhani ni asubuhi, inamwaga mafuta, na mimi namlaumu mtu wa sheli. Nimerudisha thamostati mpya, geji imetulia 84 mpaka 88, mjini na barabarani. Kwa hilo tu, zambarau nimeisamehe.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue kile kifaa cha OBD cha Bluetooth, kinachoongea na kompyuta ya gari, unachomeka chini ya usukani unasoma joto kwenye simu? Ni rahisi, hakikati mpira wala waya, na ninacho. Tatizo, magari mengine ya zamani ya soko la Japani hayaongei nacho. Halafu simu inaingia ujumbe wa mchango wa harusi wakati injini inachemka. Lakini kama chako kinashika, anza nacho, sina ugomvi.

Na wale wa geji tatu, ya maji, ya oili na ya turbo, kwenye gari lisilo na turbo... endeleeni kupendeza. Kama bajeti ni ya moja, chukua ya maji.

Ubaya mmoja ambao hata ya bei kubwa inao: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Ukiona umepanda sana halafu ukashuka ghafla, usifurahi, simama pembeni.

Bei. Gerezani geji niliambiwa 120,000, nikaondoka, nikaitwa, nikalipa 75,000. Adapta 15,000. Pima mpira wako kwa ndani kabla hujaenda, zipo saizi nyingi. Thamostati ni habari nyingine. Waliouliza kuhusu maikrofoni, ndiyo, hii ni mpya, ile ya zamani ilikaa dashibodini juani. Video ya wiki ijayo ni presha ya oili kwenye Altezza ya mdau wa Tabata.

Sasa tumalizie na hili. Gari limesimama, AC nimezima maana AC ikiwaka feni inazunguka tu, ndiyo maana mnaona jasho. 89. Usikate kamera. 91. Kengele yake nimeiweka 105, hatufiki huko. Kwenye rejeta yenye mfuniko mzima maji hayachemki kwa 100 kama yale ya sufuria, presha inayazuia. 92. 93... mnasikia? Feni hiyo. Sasa tazama mshale unavyorudi. 90... 88...

Eh, geti hilo. Ndiye huyo. Dogo, sufuria iko wapi?