Kidude cha SDR na SatNOGS, miezi mitano juu ya bati Sakina, Arusha: maoni yangu

Naanza na maksi ili wenye haraka waende zao. Mtandao wa SatNOGS (vituo vya watu wa kujitolea duniani wanaosikiliza satelaiti) nyota tano, kidude cha kwanza cha SDR (redio inayoendeshwa na kompyuta) nilichonunua nyota moja (na hiyo moja ni ya boksi lake), kidude cha pili nyota nne, fundi wangu wa madirisha ya aluminiam nyota sita. Wenye muda sasa tukae.

Kwa asiyejua, hapa tunasikiliza visatelaiti vidogo, hasa vile vya CubeSat ambavyo kile cha msingi ni kaboksi tu ka sentimita 10 kila upande. Vyuo vingi vinatengeneza, hata majirani zetu Kenya walikuwa na chao, 1KUNS-PF, kikaachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018. Shida ni kwamba havipandi kimoja kimoja, vinajazwa kama kifodi, yani daladala, cha Kisongo jioni. India Februari 2017 walipandisha 104 kwa roketi moja, SpaceX Januari 2021 wakapandisha 143. Sasa vikishamwagwa huko juu rada za jeshi la Marekani zinaviona kama nukta nukta, kila nukta inapewa namba, ila nukta ipi ni ya nani siku za mwanzo mara nyingi hajui mtu, hata aliyekitengeneza. Yani wanafunzi wamekesha miaka na kaboksi kao halafu siku ya siku antena yao inafuata kaboksi ka watu wengine, na betri yao huko inaisha.

Ndio wanaingia wasikilizaji wa kujitolea. Toyo, yani pikipiki, ikija upande wako inalia sauti nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito, si ndio? Redio ya kisatelaiti ni vilevile, kikiwa kwenye megahezi 437 kinakuja kikisikika kama kilohezi 10 juu, kinaondoka kama kilohezi 10 chini, na ule muda sauti inapoporomoka kwa kasi zaidi ndio muda kilipokuwa karibu na wewe kuliko wakati wote. Kompyuta ya SatNOGS inachukua njia ya nukta fulani, inarekebisha hiyo sauti kama vile nukta hiyo ndio inayoongea, halafu inakuchorea picha. Mstari ukisimama wima kama nguzo, umempata. Ukipinda, huyo siye, jaribu nukta nyingine. Mwanzoni nukta zinapishana sekunde chache tu kwahiyo zote zinafanana, baada ya siku kadhaa zinaachana na hapo utamu ndio unaanza.

Na hawa watu si wa mchezo. Januari 2018 jamaa mmoja wa Kanada, Scott Tilley, akiwa nyumbani kwake anatafuta kitu kingine kabisa alikuta hewani IMAGE, satelaiti ya NASA iliyokuwa imenyamaza tangu Desemba 2005. NASA wenyewe walikuwa wameshakunja jamvi.

Haya, vifaa. Kidude cha SDR ni kile kama flashi, asili yake ni cha kuangalia TV kwenye kompyuta, mwaka 2012 ndio wajanja wakagundua kinaweza kusikiliza karibu kila kitu. Cha kwanza nilinunua duka moja mjini, sitalitaja, muuzaji akaniapia ni orijino. Kikipata moto masafa yake yanahama! Saa moja mstari uko hapa, nusu saa baadae uko kule, nikadhani nimegundua satelaiti ya ajabu kumbe ni kidude kinatokwa jasho. Piga hesabu mwenyewe, vidude vya hivyo vinaweza kukosea sehemu 30 kwa milioni, kwenye megahezi 437 hiyo ni kilohezi 13, yani kosa la kidude ni kubwa kuliko zile kilohezi 10 za upande mmoja unazozitafuta. Kwa kusikiliza redio FM sawa, kwa kutambua kisatelaiti ni bure kabisa. Ukinunua uliza kama kina TCXO ndani (kifaa kinachozuia masafa yasihame kwa joto), hicho kinakosea sehemu moja hivi, ni chini ya nusu kilohezi. Cha pili niliagiza nje kupitia binamu, huko kinauzwa dola 30 na kitu, na boksi lake la chuma linalopoza. Nyota moja nimemkata kwa sababu bado kinapata moto mchana wa Januari chini ya bati, na bati ni kosa langu, lakini maksi natoa mimi.

Antena ndio raha. Vipande vinne vya waya mnene wa shaba, kila kimoja sentimita 16 na nusu, unavipanga msalaba, kebo nimetumia ya king'amuzi iliyobaki nyumbani. Fundi aliniangalia akasema chalii yangu wewe niachie, akanitengenezea na kishikio cha aluminiam ambacho masika nzima hakijatikisika. Mama mwenye nyumba akauliza baba hiyo inashika chaneli za nchi gani, nikamwambia za angani, akasema sawa ila radi ikipiga utajenga wewe.

Kuhusu saa nisikilizeni vizuri maana hii haipo kwenye maelekezo yoyote. Ratiba zote ni UTC, saa za dunia nzima, ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu. Wiki ya kwanza nilikuwa nasikiliza kwa mkono na laptop, nikaona kinapita 05:10, nikajumlisha tatu nikapata nane na dakika kumi, nikapanda juu ya bati saa nane na kumi mchana, jua la utosi, kimya. Kilishapita saa mbili asubuhi nikiwa nakunywa chai! Sasa hivi sijumlishi, natoa, maana ukijumlisha tatu halafu ukatoa sita za saa ya Kiswahili ni sawa na kutoa tatu. UTC 10:00 toa tatu, ni saa saba mchana. UTC 17:40 toa tatu, toa na kumi na mbili, saa mbili na dakika arobaini usiku. Inakubali kila siku.

Cha kujua kingine, huku karibu na ikweta vile vinavyopita ncha ya dunia hadi ncha tunavipata mara nne hivi kwa siku, mbili mchana mbili usiku, na mara moja tu kati ya hizo ndio kinapanda juu vizuri, wenzetu wa kaskazini ya mbali wanavipata karibu kila mzunguko. Halafu mlima Meru unakula kama digrii 10 za chini upande wa kaskazini mashariki, kitu kikitokea huko dakika mbili hivi za mwanzo huzioni. Ila vituo vingi vya SatNOGS viko Ulaya, kwahiyo kikipita juu yetu wanaosikiliza ni wa kuhesabu, na ule mstari wako mmoja wa Sakina unaweza kuwa ndio pekee kwa mzunguko huo.

Umeme umenikatikia mara tatu, memori kadi ya kompyuta ikafa mara mbili, weka pawabanki. Taa ya LED ya ukumbini ilikuwa inapiga kelele kwenye redio kuliko satelaiti zote, nimeitoa.

Mwezi uliopita usiku nilikaa na nukta tisa za roketi moja. Ya kwanza imepinda, ya pili imepinda, ya sita ikasimama wima. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Fundi anasema antena nyingine atatengeneza kwa elfu kumi na tano, waya uende nao mwenyewe.