Matairi ya tela la kulala: yapi ya kununua, kuanzia la kwanza hadi la kuacha

Tairi la gari huisha kashata, yaani ile michoro ya nje inayokanyaga barabara. Tairi la tela la kulala (karavani) mara nyingi hufa kashata zikiwa bado nene: unalikagua asubuhi, linaonekana zima, na mchana linapasuka barabarani, linang'oa bati la juu ya gurudumu pamoja na nyaya za taa na mabomba ya maji yaliyopita chini ya sakafu. Tela hukaa miezi kadhaa limesimama, uzito wote umelalia sehemu ileile ya mpira, jua likiukausha. Siku ya safari ikifika linapakiwa hadi juu, kisha linavutwa kwa saa nyingi mfululizo. Anayechagua tairi kwa kuangalia kashata anaangalia kitu kisichomwambia mengi. Kinachoamua ni akiba ya uzito, yaani uwezo wa tairi unaozidi mzigo linaoubeba, na tarehe ya kutengenezwa. Jina la kampuni ni la tatu.

Kwanza, usome ubavu wa tairi. Chukua ST205/75R15. ST ni alama ya Marekani kwa matairi yaliyotengenezewa matela tu. 205 ni upana kwa milimita. 75 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha kuna herufi ya mzigo. C huitwa plai 6 na hujazwa PSI 50 (PSI ni kipimo cha upepo), D ni plai 8 kwa PSI 65, E ni plai 10 kwa PSI 80, na G ni plai 14 kwa PSI 110. Siku hizi plai ni kipimo cha nguvu, si hesabu ya matabaka yaliyomo ndani, kwa hiyo muuzaji akikuambia tairi lina matabaka kumi, mwache aendelee kuongea huku wewe unatafuta herufi.

Sasa hesabu. Tuseme tela lina ekseli mbili, yaani matairi manne, na magurudumu yanabeba kilo 3,000. Kwenye karatasi kila tairi linabeba 750. ST205/75R15 ya herufi C ina uwezo wa kilo 825, basi unaona umebaki salama. Lakini matela hayapakiwi sawasawa: jiko, friji na tangi la maji vikikaa upande mmoja, upande huo unaweza kubeba 1,600 na mwingine 1,400. Upande mzito kila tairi linabeba 800, na akiba yako ni kilo 25. Ukijaza tangi lita 100 za maji upande huohuo, akiba imekwisha. Tairi la ukubwa uleule, rimu ileile, likiwa herufi D linabeba kilo 975. Kwa tela hili mimi sihitaji kuulizwa mara mbili.

Ndiyo maana ushauri wangu kabla ya kutaja aina yoyote ni huu: panda herufi moja juu ya yale yaliyokuja na tela kutoka kiwandani, na upeleke tela kwenye mizani likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Ikiwezekana pima kila upande peke yake. Nikishapima, naacha angalau asilimia 15 hadi 20 ya uwezo wa tairi bila kuitumia.

Ila kuna mtego hapa. Tairi la D ukilijaza PSI 50 linabeba kilo zilezile 825 za C. Mzigo unabebwa na upepo. Mpira na nyuzi kazi yake ni kuuzuia upepo usitoke. Kwa hiyo ukipanda herufi lazima upande na upepo, na kabla ya hapo hakikisha rimu na vali vinaruhusu. Uwezo wa rimu kwa kawaida umegongwa nyuma yake. Vali za mpira za kawaida huishia PSI 65, hivyo kwa herufi E kwenda juu weka vali za chuma za kufungwa kwa nati. Fundi akikuambia si lazima, tafuta fundi mwingine.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa ST radiali yenye herufi ya kasi N, yaani kilomita 140 kwa saa. Si kwamba nakushauri uvute tela kwa kasi hiyo. Ninachotaka ni uwezo wa tairi kustahimili joto, kwa sababu joto ndilo linalotenganisha matabaka, na herufi ya kasi ni ushahidi wa jinsi tairi linavyolihimili. ST nyingi za zamani hazikuwa na herufi hiyo kabisa na zilichukuliwa kuwa na kikomo cha kilomita 105 kwa saa, wakati magari ya kuvuta ya leo hupita hapo bila dereva kuhisi. Katika kundi hili Goodyear Endurance ndilo ninalolitaja kwanza. Lilikuja mwaka 2017 kuchukua nafasi ya Marathon, tairi la tela la awali la Goodyear, linatengenezwa Marekani, na ST225/75R15 yake ni ya herufi E, inabeba karibu kilo 1,285 kwa PSI 80. Kwa tela la wastani lenye rimu za inchi 14 au 15 utafutaji wako unaweza kuishia hapo.

Ya pili ni kwa matela mazito tu, yale ya rimu za inchi 16: tairi la chuma tupu la herufi G, ambalo nyuzi zake za ubavuni nazo ni za chuma badala ya kitambaa. Sailun S637 ya ST235/80R16 inabeba karibu kilo 1,850 kwa PSI 110. Ubavu wake mgumu hustahimili lile suala linalowasumbua wenye ekseli mbili, yaani kuegesha kwa kona kali. Tela likikunja hivyo, tairi moja husukumwa kushoto na mwenzake kulia, na matabaka ya ndani yanasuguana hata kama kwa nje huoni kitu. Wavutaji matela Marekani wana jina la kejeli kwa matairi ya bei rahisi kutoka China, kana kwamba ni mabomu, na wakati fulani kejeli hiyo ilikuwa na sababu. Lakini Sailun ni kampuni ya China, na wengi wa watu haohao leo wanaifunga kwenye matela yao makubwa. Nchi haikuambii kitu, angalia muundo. Kasoro yake: rimu zenye uwezo wa PSI 110 si kila mtu anazo, na kwa tela jepesi ugumu huo unatikisa makabati bila faida.

Ya tatu ni LT, tairi la pikapu, la herufi E. Wapo wanaoliweka juu ya ST zote, nami naelewa kwa nini: nchini Marekani LT mpya za magari mepesi hupimwa kwa FMVSS 139, kanuni ya serikali ya usalama wa magari, ambayo ni ngumu zaidi na haizihusu ST. Tatizo ni uzito. LT235/85R16 ya herufi E inabeba karibu kilo 1,380, wakati ST ya vipimo hivyohivyo inabeba 1,650. Ukibadilisha ST kwa LT bila kupiga hesabu umeishusha akiba yako huku ukidhani umeipandisha. Kama mizani inakuruhusu kushuka hivyo na bado ukabaki na asilimia 15, nunua bila wasiwasi. Kwa rimu za inchi 15 na chini ya hapo usipoteze muda, ukubwa wa kufaa ni wa kutafuta kwa tochi.

Ulaya mambo yamepangwa tofauti kidogo. Karavani nyingi za huko hutumia matairi ya magari ya biashara yenye herufi C mwishoni mwa vipimo, kama 195/70R15C, na C hiyo haihusiani na C ya mzigo niliyoieleza juu. Hesabu ya akiba ni ileile. Ujerumani, anayetaka ruhusa ya kuvuta karavani kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 80 lazima matairi ya karavani yawe chini ya miaka sita na yawe na uwezo wa angalau kilomita 120, herufi L. Hata kama huishi huko, kikomo hicho cha umri ni kipimo kizuri cha kujipimia.

Nafasi ya nne ni ST radiali za kati, kama Maxxis M8008 na Carlisle Radial Trail HD. Ni matairi ya heshima. Ukiyapata mapya, herufi moja juu ya uliyonayo, na yale ya nafasi ya kwanza hayapo kwa ukubwa wako, nunua.

Ya tano, ST za nyuzi za mshazari, zisizo na R bali D (si ile D ya mzigo) au alama ya mstari kwenye vipimo. Ubavu wake ni mgumu na linafaa tela la shamba au la kubebea boti kwa mwendo mfupi. Kwa safari ndefu linapata joto kuliko radiali. Usilichanganye na radiali kwenye ekseli moja.

Matairi ya gari dogo na ya mtumba sijayapa nafasi.

Ukishachagua, usilipe kabla ya kuona tarehe. Baada ya herufi DOT ubavuni (alama ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) kuna mfululizo unaoishia kwa tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo mwombe muuzaji aligeuze. Tairi jipya la miaka miwili dukani limeshakula sehemu ya maisha yake, maana la tela hubadilishwa kwa umri, miaka mitano hivi, sita kama limetunzwa kwa kufunikwa na kuwekwa kivulini. Ukikuta matatu ya mwezi uleule na moja la miaka mitatu iliyopita, lirudishe hilo moja. Kumbuka na spea, ambayo wengi huisahau chini ya tela hadi siku inapohitajika wakagundua ni ya umri wa tela lenyewe.

Siku ya kufunga, nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha mtengenezaji wa tela, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi za mwanzo, kwa sababu rimu mpya hukaa sawa taratibu. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka. Ukiupima mchana katikati ya safari utakuta umepanda, na hiyo ni kawaida, usiutoe. Kwa ST jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni ikiwa rimu inaruhusu. Ukibakiwa na fedha baada ya haya yote, nunua vipima upepo vya kufunga kwenye vali vinavyotuma taarifa kwa dereva, maana kwenye tela la ekseli mbili tairi linaweza kuisha upepo na wewe mbele usihisi chochote mpaka lichanike.