Nilipeleka gari kusafishwa, nikarudishiwa bomba tupu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa kushika spana. Nitaeleza.

Gereji yenyewe siitaji. Iko upande wa bara, ukishavuka Makupa. Nilielekezwa na watu watatu wasiojuana, na wote walimsifu fundi kwa maneno mamoja: "Yule dizeli anaijua." Na kweli anaijua. Uchungu wangu unaanzia hapo hapo, maana angekuwa mbumbumbu ningemsamehe siku ileile.

Gari langu ni la Kijapani, dizeli, lita 2.2. Lilishuka bandarini zamani kidogo, likiwa bado ndani ya ile miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu kwa gari lililotumika, kwa hiyo umri wake wa leo hesabu mwenyewe. Lilianza kuchoka taratibu. Mlimani halivuti, ukikanyaga linaguna kama mtu aliyeamshwa usingizini, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika ipendavyo, mpaka siku moja ikawaka ikakataa kuzimika. Gari likajifunga. Unakanyaga hadi sakafuni, mwendo ni wa tuktuk. Na mahali lilipochagua kunifanyia hivyo ni juu ya daraja la Nyali, jioni, watu wakirudi makwao. Matusi niliyoyasikia siku hiyo siyaandiki.

Fundi akalipima kwa mashine. Vali ya EGR, ile inayorudisha moshi ndani ya injini, imekwama kwa masizi, na chujio la masizi, hiyo DPF, limejaa. Nikamwambia safisha vyote viwili. Tukapatana: Sh8,000 za vali pamoja na manifodi ya kuingizia hewa, Sh15,000 za chujio. Hapo hapo akaanza kunipembeja. EGR akasema tuizibe kwa kibati, biashara iishe. Na DPF je? "Mzee wangu, hii tuitoe tu. Bure kabisa. Hata ya kuchomelea sikutozi."

Nikakataa. Nilikataa mara mbili, ya pili nimesimama, mbele ya watu. Ile "bure" ilinikwaruza kidogo, lakini sikuifikiria zaidi. Fundi gani Mombasa hukupa kitu bure?

Nisijifanye mtakatifu wa hewa safi. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshaulizauliza, na nilijua kila kifaa kimewekewa nini. EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mlipuko lisipande mno, maana likipanda hutengeneza kwa wingi zile oksidi za nitrojeni zinazochoma kifua. Ubaya wake ni kwamba moshi unaorudi umebeba masizi, na masizi yakikutana na mvuke wa oili huganda yakawa lami. Manifodi yangu ilipofunguliwa niliona kwa macho yangu: njia ya kupitisha vidole viwili ilikuwa imebaki ya kidole kimoja, tena cha mtoto.

Na hapa lazima niseme haki. Fundi alikwangua kwa bisibisi, akaloweka, akapuliza kwa kompresa, akakwangua tena, kutwa nzima, hakuinua kichwa ila kwa kahawa. Akatia gasketi mpya. Akaifundisha kompyuta ya gari vali inafungukia wapi na inafungia wapi, jambo ambalo wengi hawalifanyi, halafu wanashangaa taa imerudi. Kazi safi, wallahi. Ningekuja kulichukua gari jioni ile nisirudi tena, leo mngesoma sifa tupu.

Tena ndiye aliyenieleza kosa langu mwenyewe. DPF ndani ni sega la nyuki la kauri. Moshi unapita, masizi yananaswa ukutani. Yakijaa, kompyuta humwaga dizeli ya ziada ili joto lifike karibu nyuzi 600, masizi yaungue. Lakini sharti gari liwe linakwenda, mwendo wa kushika, robo saa au zaidi. Sasa niambie, robo saa hiyo naipata wapi? Mimi ni Kisauni hadi Mwembe Tayari. Naondoka, nasimama, nasogea, nasimama, nanunua viazi karai dirishani, nasogea. Likianza tu kuchoma, nimeshafika, nazima. Ile dizeli ambayo haikuungua hushukia kwenye oili. Kuna siku nilichomoa kijiti nikaona oili imeongezeka. Imeongezeka! Nikadhani ni baraka, nikamsifia mke wangu gari letu lisilokula oili.

Na oili yenyewe, miaka yote nimetia ile ya malori kwa kuwa ni rahisi. Ina majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi. Yakishaingia kwenye sega yanakaa, mpaka chujio lishushwe lioshwe. Kwa hiyo kujaa kwa chujio nusu ni kosa langu, nakiri. Kuna wanaopenda kuilaumu dizeli ya Kenya kwa kila kitu. Ile ya salfa sehemu 500 kwa milioni ilikuwa balaa kweli, lakini kiwango kilishushwa hadi 50 mwaka 2015. Mimi siwezi kujificha nyuma ya hilo.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa zamu ya DPF. Nikamwacha nikaenda kuswali adhuhuri, nikapitia pilau. Saa moja na nusu hivi, haikuzidi. Narudi, gari limeshushwa jeki, bomba limerudishwa mahali pake, na hewa inanuka kuchomelea. Nikainama. Kopo la chujio lina mshono mpya, bado una joto. Nikaligonga kwa ukucha, likalia kama debe lisilo na maji.

"Umefanya nini?"

"Mzee, gari ishapona. Walalamika nini?"

"Nilikwambia usafishe."

"Si nimesafisha. Hata chembe ya uchafu haimo."

Vijana wake wakacheka. Sina budi kueleza kicheko hicho, kwa maana ndicho kilichonikalisha kuandika, si kopo. Hakikuwa kicheko cha fitina. Walicheka kama watu waliokwisha kuisikia kauli hiyo kwa wateja wengine, na kila mara inawachekesha. Mimi nina mvi. Kwetu kijana akikukosea hata kama hataki kutubu, angalau huangalia chini. Huyu aliniangalia usoni huku anafuta mikono.

Nikauliza vilivyokuwa ndani viko wapi. "Takataka ile, tumetupa." Nionyesheni hilo jaa. "Ishachukuliwa." Mchana ule ule, jaa limeshachukuliwa! Mombasa hii hii ambayo taka hukaa barabarani mpaka zikaota majani!

Wakati natoka, yule kijana wa spana alikuja kunifungulia geti. Akainama dirishani kama anayenionyesha njia. "Ami, haikutupwa. Kuna mtu huja na mizani."

Basi. Nikaelewa bure yake. Ile kauri hupakwa madini ya jamii ya platinamu, na wapo wanunuzi wanaozunguka magereji kuikusanya. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nauza, na bei hakuniuliza mtu.

Juu ya hayo, gari lilinidai zaidi. Kuna sensa inayopima mgandamizo wa moshi kabla na baada ya chujio; chujio likiondoka inasoma sufuri, na taa inawaka. Kwa hiyo lazima aje kijana wa kompyuta aifute DPF kwenye programu, la sivyo gari linaweza kuendelea kumwaga dizeli kuunguza masizi ya chujio lisilokuwepo. Sh5,000 nyingine. "Anakuja kesho." Kesho hiyo ilifika siku ya nne.

Sasa nije kwenye sehemu nisiyopenda kuiandika.

Gari linakwenda. Tena linakwenda mno. Nililipeleka kuelekea Mazeras, na pale mlima unapoanza, ambapo miezi yote nilikuwa nikipitwa na malori ya makontena, lilipanda kama limeitwa. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Dizeli pia naona inakaa zaidi, ingawa huenda ni ile vali iliyosafishwa, siwezi kuapa. Kwa wiki mbili nilianza kujiambia: labda fundi alikuwa na haki, labda mimi ndiye mbishi. Rafiki yangu mmoja mwenye gari kama langu aliniuliza, nikamwambia, "Toa tu." Nilisema hivyo. Naona haya.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Mimi huwasha gari uani asubuhi, na bomba linatazama ukuta wa jirani. Jirani alikuwa ameanika kanzu, nyeupe, ya msikitini. Alikuja mlangoni kwangu nayo mkononi, hakusema neno, akaikunjua tu. Pindo zima lina madoa meusi kama limepigwa mswaki wa mkaa. Nikamwomba radhi, nikamwazima yangu, fupi, akaivaa hivyo hivyo. Mjukuu wake ana pumu. Hilo nililijua tangu zamani, ila halikuwa limekaa kichwani mwangu pamoja na gari langu. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanauhesabu moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani, na masizi yaliyochafua kanzu ndiyo yanayoonekana. Ile vumbi laini inayoingia mapafuni haionekani kwenye kitambaa. Siku hizi natia gia ya kati, nalisukuma gari na mwanangu hadi barabarani ndipo naliwasha. Watu wanadhani betri imekufa.

Kwa hiyo hukumu yangu: msiende. Au nendeni kwa vali ya EGR peke yake, kwa sababu kwa kusafisha EGR sijaona mkono kama ule, na ukimwambia azibe utakuwa umemnyima nafasi ya kufanya anachokijua vizuri. Lakini DPF ikiguswa, kaa hapo hapo. Swali hapo hapo. Chakula letewa. Hapana, nimebadili mawazo, msiende kabisa, mtu wa kumlinda hivyo ni mwizi, na mwizi hata awe na mkono wa dhahabu…

Juzi nikampigia simu, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamwambia nataka chujio langu. Hakukasirika hata kidogo. Akaniita mzee wangu, akaniuliza hali ya nyumbani, akasema bahati yangu nzuri analo moja, zima, halijakatwa, linaingia kwenye gari langu bila kubadilisha kitu. Sh35,000, na kufunga juu yake.

Nikamuuliza limetoka wapi.

"La mteja mmoja."

"Na huyo mteja anajua?"

Akacheka, kicheko kile kile. Nikakata simu. Jana usiku amenitumia picha, limepanguswa vizuri, linang'aa. Kesho napita upande ule kwa shughuli zangu nyingine. Nitaliangalia. Kuangalia tu.